Setta Alikwenda Kutafuta Nini

Shairi lililonipa jina ni lile ambamo nilimuua Setta Poole kwa mistari kumi na minane. Nililisoma mara ya kwanza chuoni, mwaka wa sabini na saba, mbele ya watu wasiofika arobaini, na nilipomaliza mama mmoja alikuwa amefunika uso kwa skafu yake. Nikajisemea moyoni, kumbe hii ndiyo kazi. Tangu siku hiyo nimemuua Setta makanisani, maktabani na mashuleni, na nusura nimuue harusini, maana bibi harusi mwenyewe aliniomba nisome "lile la yule mtoto." Watu wana mambo.

Setta hakuwa mtu wa kubuni. Tulikaa mtaa mmoja, Filadelfia ya Kaskazini, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, kila moja na ngazi zake tatu za mawe meupe tulizosugulishwa kila Jumamosi mpaka magoti yanawaka. Jina lake kamili lilikuwa Charlesetta, kwa sababu baba yake, Charles, alitaka mvulana na hakutaka kupoteza jina. Julai ya mwaka sitini na tisa aliingia katika nyumba iliyohamwa, ile ya mwisho wa mtaa, na sakafu iliyooza ikakatika chini ya miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi pia.

Katika shairi, nyumba inamwita, kisha inammeza. Wasikilizaji walilipenda sana neno hilo, kumeza. Mwenye nyumba alikuwa ameitelekeza na wakubwa wa jiji walijua, na hayo niliyasema yote, na yote ni kweli. Lakini polisi waliponiuliza Setta alikwenda kutafuta nini mle ndani, nilisema sijui. Mama yake aliponiuliza, nilisema sijui. Shairi halikuniuliza kitu. Ndiyo maana nililipenda.

Mwaka wa tisini na nne, Lucius Tarver, mwongozaji mwenye tumbo kubwa na hasira za karibu, akaniambia shairi lile sasa liwe mchezo wa kuigiza. Alikuwa amepata ukumbi, zamani duka la fanicha, na ndani bado kulinuka polishi. Akachagua wasichana watano wa mtaani, akawavika magauni ya rangi ya udongo, akawapanga mstari.

"Tulizeni nyuso," akawaambia. "Nyinyi si watu hapa. Nyinyi ni huzuni."

"Huzuni inavaa viatu gani, Bwana Tarver?" mmoja akauliza. "Maana hivi vinanibana."

Huyo alikuwa Quiana Bledsoe, miaka kumi na miwili, mwanya mbele, nywele za kusuka zenye shanga zilizogongana kila alipogeuza kichwa, naye alikigeuza kila mara. Ndiye aliyepewa kuwa Setta. Siku ya pili ya mazoezi alinyoosha mkono kana kwamba yuko darasani.

"Bi Wynetta, naomba kuuliza. Huyu Setta anaingia humo kufanya nini?"

"Soma mstari wako, mwanangu."

"Nimeusoma. Unasema nyumba ilimwita. Mimi mama akiniita siendi mara ya kwanza, sembuse nyumba."

Wenzake wakaangua kicheko. Lucius akapiga makofi kuwanyamazisha. "Binti, hilo ni shairi."

"Sawa, ni shairi, lakini miguu ni yangu. Nikifika pale mlangoni sijui niikanyage vipi. Mtu anayetafuta kitu hatembei kama mtu aliyeitwa."

Nilimwambia atembee tu. Nilimjibu kwa ukali, na mtoto akanitazama bila kukasirika, akitazama kama fundi anayeona mahali ukuta ulipopinda. Sikumpenda siku hiyo. Ningempenda vipi, naye ameniwekea kidole pale pale?

Wiki hiyohiyo ndipo kamba zilipoanza.

Kwetu wasichana huruka kamba mbili kwa mpigo, ndefu, zinapishana, zinazungushwa na wasichana wawili huku wa tatu akirukia katikati. Kuruka ni raha lakini kuzungusha ndiyo heshima. Ambaye mikono yake haiwezi kuweka mapigo sawa huitwa mikono-miwili, na jina hilo likishakunasa umekwisha. Hupewi kamba, na asiyeshika kamba hapewi zamu ya kuruka. Unakaa ngazini na watoto wanaonyonya vidole. Mimi nilikuwa mikono-miwili wa mtaa mzima. Mpaka leo nikikoroga uji mtu anaweza kusikia mapigo hayako sawa.

Ilikuwa saa tisa mchana. Wasichana walikuwa wamekwenda dukani kununua viazi vya kukaanga, Lucius yuko juu ya ngazi nje anagombana na fundi wa umeme. Mimi niko kwenye viti, nasahihisha ukurasa. Nikasikia nyuma ya pazia, pa-ta, pa-ta, pa-ta, kamba ikichapa mbao. Nikadhani mmoja wa wale watoto amebaki. Nikaenda, nikafunua pazia. Palikuwa na ndoo, ufagio na makoti yao yametundikwa. Sauti haikukoma nilipotazama. Ilihamia upande wa pili wa jukwaa, taratibu, mapigo sawa kabisa, kama kamba zinazozungushwa bila mtu kuruka, zinamsubiri mtu aingie.

Sikuzoea kuogopa mizimu. Nimeishi na walevi wawili, mmoja nilimlea utadhani nimemzaa, na wala sikuwahi kulala na taa. Lakini pale sikurudi kuchukua karatasi zangu. Nilitoka nje mpaka kando ya barabara, Lucius akaniuliza dada, vipi, umeona panya? Nikasema ndiyo, panya mkubwa.

Jumapili nilikwenda kwa Bi Odessa, mama yake Setta, kama nilivyokwenda kila Jumapili baada ya ibada tangu nikiwa mtoto. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na mwanamke yule alifungua mlango tu akaniambia ingia ule. Hakuuliza mengine. Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mboga za majani zilizochemka na mfupa wa nyama ya moshi tangu alfajiri, pai ya viazi vitamu. Nikiondoka ananifungia sahani kwa karatasi ya foili, ananiwekea mkono shavuni, ananiita mwanangu. Watu wa mtaa walisema Mungu alimnyang'anya mmoja akamrudishia mmoja. Niliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara nilikunywa maji, nikaongeza mboga.

Sasa mnajua nilichokuwa nacho cha kupoteza. Sikuwa na mama mwingine.

"Nasikia mnamcheza Setta wangu," akasema Bi Odessa, anakwangua sufuria.

"Ndiyo, Bi Odessa. Bado ni mazoezi."

"Jumamosi nakuja. Nimeshamwambia dereva wa kanisa." Akanitazama juu ya miwani. "Mbona umekodoa macho? Unadhani sitaweza?"

"Si hivyo. Ni mazito tu."

"Mazito nayajua, mwanangu. Niliyazika."

Alhamisi nilifika ukumbini mapema. Quiana alikuwa peke yake kando ya jukwaa, mgongo kwangu. Alikuwa anayumba, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mbele, nyuma, mikono kifuani, kidevu kinafuata mapigo. Kila msichana wa kwetu anaujua mwendo huo. Ndivyo unavyofanya ukisubiri upenyo wa kuingia kwenye kamba.

"Quiana, unafanya nini?"

"Nasubiri zamu."

"Zamu ya nini?"

Akageuka, shanga zikagongana. "Si wanazungusha?" Kisha akatazama jukwaa tupu, akaduwaa. "Walikuwa wanazungusha sasa hivi. Bi Wynetta, wamekwenda wapi?"

Nilimpa koti lake nikamrudisha kwao kwa miguu, mitaa sita. Nilipomwacha mlangoni aliniuliza tena, kwa sauti ndogo, Setta alikwenda kutafuta nini. Nikamwambia Jumamosi fanya tu kama ulivyofundishwa.

Jumamosi saa nane walikuja wazazi na majirani, watu kama thelathini, kututazama kabla ya ufunguzi. Bi Odessa alikaa safu ya mbele amevaa kofia yake ya zambarau ya kanisani, mkoba mapajani. Wasichana wakasimama mstari na nyuso zao za udongo. Wakasema mistari yangu. Quiana akaenda mpaka mlangoni, akasita, maana bado hakujua aingieje, akaingia. Lucius akazima taa, akapiga ile mashine yake ya sauti, mbao zikapasuka, wanawake wakapiga yowe. Taa zikawaka. Watu wanalia, Lucius anafuta jasho amefurahi.

Bi Odessa hakulia. Aliinuka polepole, akaegemea ukingo wa jukwaa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Lucius akainama. "Ni Setta, mama."

"Setta hajawahi kusimama hivi hata dakika moja. Pasaka moja alipewa mistari minne aiseme kanisani, kila mtoto akimaliza apewe mayai ya rangi. Minne tu. Nilimfundisha wiki nzima, nikamvika soksi za lesi. Akapanda pale mbele, akasahau. Mtoto mwingine angelia. Yeye akawaambia waumini, 'Yesu amefufuka, nanyi mnajua hadithi yote, basi naomba mayai yangu.' Mchungaji alishika mimbari asianguke." Watu wakacheka, na yeye hakucheka. "Yuko wapi huyo? Mimi mwanangu alikufa mara moja, bwana. Nyinyi mtamuua kila Ijumaa na Jumamosi, na watu watanunua vinywaji wakati wa mapumziko."

Nilitaka ardhi ipasuke. Ndipo Quiana, mtoto asiyejua kunyamaza, akasogea ukingoni akachuchumaa ili walingane.

"Mama, nilimuuliza Bi Wynetta kwa nini aliingia mle ndani. Ningejua, ningemcheza vizuri."

"Hata mimi sijui, mtoto wangu," akasema Bi Odessa. "Nyumba ile aliiogopa. Panya aliwaogopa kuliko shetani." Akanigeukia. Ukumbi wote ukanigeukia. "Netta, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alikwenda kutafuta nini?"

"Sijui, Bi Odessa," nikasema.

Mara ya tatu maishani. Na nyuma ya pazia kamba zikaanza, pa-ta, pa-ta, na nikamwona Quiana anainua kichwa. Wengine walikuwa wanachukua makoti yao. Ni sisi wawili tu tuliosikia, mimi na yule mtoto, na macho yake yalinitoka usoni yakaenda kwenye pazia, yakarudi kwangu. Alijua nimesema uongo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa mashairi, na yote yalikuwa na sura moja. Jumapili sikwenda ibadani. Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya Bi Odessa mpaka aliporudi, nikamfuata jikoni, nikamwomba asiwashe jiko kwanza.

"Nilizitupa kamba," nikasema. "Siku ile. Nilikuwa nimeshika mwisho mmoja, zikajisokota, wote wakacheka. Setta akaniambia we mikono-miwili, kaa kando. Walipokwenda kununua barafu ya limau, nilizikusanya nikazitupa ndani ya nyumba ile, kupitia dirisha lililovunjika. Waliporudi nikasema wavulana ndio waliozitupa. Wenzake wakasema basi, tuache, wakaenda zao, nao baadaye waliogopa kusema kwamba walimwacha. Setta akakataa."

Bi Odessa alikuwa bado na kofia. "Kwa nini alikataa?"

Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, gumu kuliko kosa langu. "Zilikuwa kamba zako za kuanikia nguo. Alizichukua bila kukwambia. Alisema Jumatatu utafua."

Akakaa. Akatoa kofia, akaiweka mezani juu ya chupa ya chumvi, ikalala upande.

"Jumatatu baada ya mazishi nilitoka na beseni," akasema. "Nikaona misumari mitupu. Nikasema wezi hawana haya, hata nyumba ya msiba. Nikaazima kamba kwa jirani." Friji ilinguruma, ikazima. "Kwa kamba zangu."

"Kwa uongo wangu, Bi Odessa."

"Nyamaza. Nitagawa mwenyewe cha kwangu na chako." Kisha akauliza, hanitazami, "Aliingiaje?"

"Kwa dirisha. Nilimpa mgongo akakanyaga. Wengine walikuwa mbali. Alipofika juu, aligeuka akaniambia neno."

"Alisema neno?"

"Ndiyo."

"Kwako wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akainua macho. Nimeona watu wakinikasirikia, nimeachwa na wanaume wawili na kutukanwa na wahakiki, lakini sijawahi kutazamwa vile. "Miaka ishirini na mitano umeshika maneno ya mwisho ya mwanangu mdomoni mwako," akasema, "ukanipa mashairi."

Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Yaseme."

Nikayasema. Maneno machache tu ya utani, kejeli ya mtoto kwa mtoto, ya kunichokoza.

"Sivyo," akasema Bi Odessa. "Hakusema hivyo. Setta alikuwa akiburuta neno la mwisho. Sema tena."

Nikasema tena.

"Usilie. Yeye alikuwa halii. Mkono kiunoni. Tena."

Nikasimama katikati ya jiko lile, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkono kiunoni, nikaburuta neno la mwisho. Na mdomo wa Bi Odessa ukatetemeka, mabega yakaanza kucheza, akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Ndiye," akasema. "Huyo ndiye. Mjeuri wangu." Kisha kicheko kikageuka, na nikakaa sakafuni maana sikuthubutu kumgusa.

Alipomaliza alifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Maneno hayo sasa ni yangu. Yasiende jukwaani, yasiende kitabuni."

"Hayatakwenda."

"Haya, nenda nyumbani, Wynetta."

Hakuniita mwanangu, na sikuondoka na sahani. Maneno yenyewe hata humu siyaandiki.

Mazoezini nilimweleza Quiana alichokwenda kutafuta Setta. Nilimweleza na aliyekitupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna shanga moja, akasema, "Basi hakuitwa." Nikasema hakuitwa na mtu. Tukaondoa ile sauti ya mbao kupasuka, Lucius akipiga kelele kwamba namharibia mchezo. Wasichana wakavua magauni ya rangi ya udongo, wakavaa kaptula na viatu vyao wenyewe. Tukaweka Pasaka na mayai yake, nikaomba ruhusa kwa barua, nikapata jibu la neno moja, ndiyo, bila salamu. Tukaweka kamba za kweli na msichana mmoja asiyejua kuzizungusha. Niliandika hasa alichokifanya yule msichana, na kila tulipoigiza watu walimzomea, nami nikakaa nyuma nikawasikiliza.

Mchezo uliishia dirishani. Quiana anapanda, anageuka kumtazama yule aliyempa mgongo akanyage, anafungua mdomo, taa zinazimika. Hatukumpa neno lolote la kusema, kwa sababu halikuwa letu.

Siku ya ufunguzi, alasiri, ukumbi ulijaa. Quiana akatoka na miguu yake mwenyewe, haraka, kama mtu mwenye shughuli, akapanda. Akageuka. Akaweka mkono kiunoni, jambo ambalo hakufundishwa na mimi wala Lucius, akafungua mdomo. Giza. Safu zote zilikuwa zinalia kimya, mtu anapenga kamasi, kiti kinalalamika. Na katika giza lile, kutoka safu ya nyuma kabisa upande wa mlango, nikasikia mtu mmoja anacheka.

Nilikijua kicheko. Bi Odessa hakuwa ameniambia kwamba atakuja. Sikugeuka kumtafuta, maana hakikuwa changu kutazama. Taa zilipowaka kiti kilikuwa kitupu, mlango bado unayumba, na Jumapili nilipika kwangu.